Kinu Begani

Tangu Uwesu azikwe, hakuacha kumsalimia Asmahani. Alikuja adhuhuri, jua likiwa limesimama juu ya mabati ya mtaa wa Ng'ambo na kivuli cha kila mtu kimejikunja chini ya nyayo zake. Asmahani angekuwa barazani, miguu kwenye kanyagio la cherehani, na kutoka kichochoroni ingekuja ile sauti nzito iliyokwaruzwa na tumbaku:

"Mzaramo! Hujafa tu?"

Mara ya kwanza alijibu bila kuinua kichwa. "Nife nikuachie nani, mpagazi wewe?" Sindano ilikwisha kupita mshono mzima ndipo alipokumbuka. Mteja aliyekuwa akisubiri gauni lake alimtazama yeye, akakitazama kichochoro kitupu, akasema atarudi kesho. Hakurudi.

Mtaani walianza kusema Bi Asmahani anaongea na maiti. Walisema kwa sauti ndogo, na hilo ndilo lililomuuma. Zamani wangemwambia usoni.

Asmahani alizaliwa Tabora, na mama yake pia, lakini Uzaramo wake haukuwahi kusahauliwa. Babu wa babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, akaugua Kwihara, wenzake wakaendelea Ujiji, yeye akabaki na kuoa. Ukoo wa Uwesu ni Wanyamwezi waliokuwa wakibeba mizigo ya misafara hiyohiyo mabegani. Njia ile iliwachosha wote, ikawalaza kambi moja, ikawazikisha wafu wao pamoja, na mwisho ikawaachia utani. Mtani anaweza kukunyang'anya sahani mkononi. Anaweza kuja kwenye msiba wako akamwiga marehemu wako, na wewe uliyefiwa ukacheka huku kamasi zinakutoka. Hukasiriki. Ukikasirika unalipa. Na mtani haombi radhi, kwa sababu alichokifanya hakihesabiwi kosa.

Kwa miaka yote hiyo Uwesu hakuwahi kumpa Asmahani neno moja la heshima. Alikuwa mfanyabiashara wa asali. Alikwenda na pikapu yake mpaka Ulyankulu, akarudi na ndoo zinazonukia moshi na maua ya msituni, na kila akirudi alisimama kwanza mbele ya cherehani. "Nimekuletea masega," angesema, "yaliyokwisha kutafunwa." Kisha angeweka kibakuli cha asali safi kando ya mkasi na kuondoka akitukana.

Sasa kwenye kamba ya kuanikia nguo, mahali palepale Asmahani alipokuwa akiitundika kanga yake ya matangani, nyuki walikuja. Hawakuwa wengi. Wawili, watatu, wakizunguka kamba tupu kama watu wanaotafuta mlango. Kanga yenyewe haikuwapo. Ilikuwa polisi, kielelezo cha kesi.

*

Yalianza siku ya kuanua tanga la Mabruki, kaka mkubwa wa Uwesu. Asmahani alifika mapema, kama inavyompasa mtani. Alifagia uwanja, akaonja mchuzi na kuutukana, akavaa kofia ya marehemu na kuchechemea kama alivyokuwa akichechemea, hata mjane wake akajiziba uso kwa mtandio na mabega yakamtetemeka. Halafu akauona ufunguo wa pikapu ya Uwesu umeachwa dirishani. Akauchukua, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, fundo akalikaza kwa meno.

"Pikapu imekamatwa!" akatangaza. "Haitoki hapa mpaka nipewe haki yangu."

"Haki ipi, mla nazi?" Uwesu aliuliza, akiinuka mkekani.

"Kinu kile pale. Kiweke begani, uzunguke nyumba, kama babu yako alivyombebea babu yangu pembe za ndovu mpaka Bagamoyo."

"Babu yako hakuwa na pembe hata ya mbuzi. Alikuwa mwizi wa kuku kambini."

"Na wako aliwaangalia kuku wakiibwa kwa kuwa mzigo ulimlaza chali! Beba, au leo unarudi kwako kwa miguu."

Watu walipiga makofi. Uwesu alikitazama kinu. Akamtazama mwanawe Nasri aliyesimama kando ya tangi la maji, na Nasri akatazama chini. Kisha mzee akakunja mikono ya kanzu, akachuchumaa, akakiinua kinu kile cha mninga mpaka begani, akaondoka akiimba wimbo wa wapagazi, maneno mengine ya matusi, mengine ya kuusifu mwezi. Alipotea nyuma ya nyumba. Wimbo ukasikika ukizunguka. Ukakatika, ukaanza tena. Alipotokea upande wa pili hakuwa akiimba, na hatua chache kabla ya mkeka kinu kilianguka upande wake na yeye upande wake.

Uwanja mzima ulicheka. Kwa nini wasicheke? Kwenye hitma ya mumewe Asmahani, mtu huyuhuyu alipopewa sahani ya mifupa mitupu alianguka kama gogo, akatoa ulimi, akakataa kufufuka mpaka aliposikia harufu ya nyama. Sikuzani, mke wa Uwesu, ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote: "Jamani, mpagazi kaishiwa mafuta!"

Asmahani alimsimamia kichwani, mikono kiunoni.

"Kufa basi!" akasema. "Jeneza la kaka yako bado halijarudi msikitini. Tukubebe upesi tuokoe nauli."

Hata shehe aliyekuja kusoma dua alificha mdomo kwenye kilemba.

Nasri ndiye aliyeiona kanzu ikilowa. Mtu anaweza kuigiza kukata roho, lakini hajikojolei mbele ya wakwe zake. Nasri akapiga yowe, "Ufunguo!", na Asmahani akalikamata pindo. Vidole vyake, vilivyotunga uzi kwenye sindano tangu akiwa mwali, havikuweza kulifungua fundo alilolifunga mwenyewe. Akaling'ata. Likazidi kukaza. Mtu akaleta kisu cha jikoni, kanga ikakatwa, ufunguo ukaanguka mchangani, wakaupapasa. Pikapu ilipofika hospitali, hakukuwa na wa kuteremshwa ila maiti.

*

Aliyekwenda polisi ni mpwa wa Uwesu anayeishi Dar es Salaam, kijana ambaye hajawahi kukaa matanga ya Tabora toka mwanzo hadi mwisho. Alieleza alichokiona, na hakusema uongo hata neno moja.

Jalada likaangukia mikononi mwa Inspekta Consolatha, mwanamke mtaratibu aliyehamishiwa Tabora mwaka uleule. Alimpa Asmahani kiti kizuri kuliko chake.

"Mama, ulisema 'kufa basi'?"

"Nilisema, Afande."

"Na wiki moja kabla, pale bombani, ulisema Uwesu akifa ndipo utalala usingizi?"

"Nilisema. Yeye alisema nikifa atakodi ngoma. Kama unakusanya maneno hayo, mwanangu, karatasi zitakuishia."

Inspekta alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Mlikuwa na ugomvi?"

"Kila siku ya Mungu."

"Ninauliza ugomvi wa kweli."

Nje mtu alikuwa akiwasha pikipiki isiyotaka kuwaka.

"Nikueleze, Mama," Inspekta akasema. "Mtu amekufa, na mkono wako ulishika ufunguo. Lakini sheria haiishii kwenye mkono. Inataka kujua nia. Ukikusudia afe, hiyo ni kuua kwa kukusudia, na adhabu yake unaijua. Ukijua yuko hatarini ukapuuza, hiyo ni nyingine, na gereza lipo. Ikiwa ni bahati mbaya tupu, utarudi kwenye cherehani yako. Mwanasheria wa serikali atakuja kupima, nami lazima nimpelekee kitu cha kupimia. Kwa hiyo nisaidie. Tangu alipoanguka mpaka ulipoanza kulifungua lile fundo, ulikuwa unajua nini?"

"Nilijua anaigiza."

Ikaandikwa. Akatia sahihi, akapewa dhamana, akatembea nyumbani. Swali lile likatembea naye.

Kwa kuwa kuna kitu alikiona. Upepo wa Juni ulikuwa baridi asubuhi ile, watu wamejifunika mashuka, na juu ya mdomo wa Uwesu palikuwa na jasho. Aliliona. Akauona na mkono wake wa kulia, umelala mchangani kiganja juu, ukifumba na kufumbua kumwelekea yeye. Ukiliomba pindo. Akawaza: ameongeza ufundi mwaka huu. Hilo ndilo aliloliwaza kwanza, na angeapa kwa msahafu.

Lakini nyuma ya wazo hilo lilipita jingine, kama ndege anavyopita mlangoni na chumba kikaingia giza na kutoka. Lilikuwa jina la Abasi.

Abasi alikuwa mumewe, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Miaka mitatu nyuma, alasiri moja, alianza kutapika damu, na Asmahani akampigia simu mtu wa kwanza mwenye gari aliyemjia akilini.

"Uwesu, njoo na pikapu. Abasi anakufa."

Uwesu alikuwa njiani akitoka Ulyankulu. Alicheka. "Mwambie anisubiri, nisije nikalikosa pilau lake." Akakata simu. Akapitia kwa wateja wake njiani, akashusha ndoo, akanywa kahawa. Alipofika Ng'ambo shuka lilikwisha kuvutwa mpaka usoni.

Hakuna aliyejua habari za simu ile ila wao wawili. Uwesu hakuomba radhi. Kesho yake wanaume walirudi kutoka makaburini wakicheka na kutikisa vichwa: mtani alirukia ndani ya kaburi kabla ya maiti kuingizwa, akalala chali, akajifunika uso kwa kofia, akasema chumba hiki ni chake, na alicheka humo ndani mpaka mwili mzima ukatikisika. Ilibidi watu watatu wamtoe. Jioni alikuja kusimama mbele ya Asmahani, kanzu imejaa udongo mwekundu, macho mekundu kuliko udongo.

"Mume wako kapata chumba kizuri," alisema. "Nimekijaribu."

Na Asmahani, ambaye hakuwa ameweza hata kumeza maji, alicheka. Alielewa kwamba mle kaburini Uwesu hakuwa akicheka. Wakaendelea kutukanana kama kawaida.

Aliamini yameisha. Sasa, barazani, nyuki wakizunguka kamba, alijiuliza lile jina lilikuwa likitafuta nini mlangoni. Lilipita tu. Halikukaa, halikusema neno, halikumshika mkono. Lakini lilipita. Je, jambo likipita moyoni bila kukaribishwa, ni lako? Inspekta angeliandikaje hilo? Angeliweka fungu lipi?

"Mzaramo! Hujafa tu?"

"Bado," Asmahani alijibu safari hii, akijua kabisa anamjibu nani. "Uliponinyooshea mkono, ulikuwa unajua nini wewe?"

Akakanyaga tena cherehani.

*

Nasri alikuja kabla ya arobaini. Tangu akiwa mtoto wa kuvaa kaptura, kijana huyu alimwita Asmahani "mchumba" na kumdai chai ya ndoa yao. Safari hii alisimama mbali na baraza, mikono mbele, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama."

Salamu ile ilimchoma kuliko pingu. Asmahani hakuitika marahaba. Alishika gurudumu la cherehani na kulisimamisha.

"Umepotea nyumba, kijana. Mama yako yuko eda."

"Mama, tafadhali. Tumekaa kama ukoo. Binamu wa Dar anataka kesi ya kukusudia. Inspekta amesema kesi ni ya Jamhuri, haifutwi na ukoo, lakini maelezo yangu hajayachukua bado, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Njoo arobaini. Uombe radhi mbele ya watu, neno moja tu. Kesho yake nitamwambia Inspekta ilikuwa bahati mbaya."

"Na nisipoomba?"

Nasri alitazama nyuki. "Nitamwambia ulimwona anakufa, ukamwambia afe."

*

Siku ya arobaini ilisomwa hitma, masinia yakaliwa, yakaondolewa. Hakuna mtani aliyeiba nyama. Hakuna aliyetukana wali. Watu walikula kimya kama wageni kwenye nyumba ya watu wasiowajua, na Asmahani, aliyekaa karibu na mlango, alikiona kinu kimeegemezwa ukutani, kimefunikwa gunia kama mgonjwa.

Sikuzani alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, katika eda yake. Kivuli chake kilionekana kimekaa.

Nasri akainuka. "Wazee wangu, mama zangu. Bi Asmahani amekuja. Ana neno."

Asmahani alisimama. Aliwatazama mmoja mmoja, watu waliocheka siku ile mpaka wakashikana, na kila aliyemtazama alipata cha kufanya kwa vidole vyake.

"Nimeitwa nibebe mzigo," alisema. "Nimekuja nione ukubwa wake. Siku ile tulicheka sote. Hata wewe, Shehe, ulicheka. Kicheko cha uwanja mzima mnataka nikiweke begani peke yangu, nizunguke nacho nyumba?"

"Ufunguo ulikuwa wako," Nasri alisema.

"Ulikuwa wangu. Na kinu nilikitaja mimi. Sijakana. Lakini mimi nilimpa kinu mtu mzima wa afya, aliyekuwa akipakia ndoo za asali kwenye gari tangu alfajiri mpaka..."

"Nasri." Sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Waambie daktari alisema nini."

Nasri aligeukia pazia.

"Mama..."

"Waambie, mwanangu. Mimi nimechoka kukaa nalo humu ndani. Nilicheka kwa kuwa sikujua. Umeniambia baada ya mazishi."

Nasri alikaa chini palepale, kama aliyekatwa miguu. "Moyo," alisema. "Daktari alimkataza kubeba kitu chochote kizito. Ndoo nilikuwa nazipakia mimi. Baba aliniapisha nisimwambie mtu. Alisema watu wakijua watamwonea huruma, na watani wataacha kumgusa. Alisema bora afe akitukanwa." Alijifuta pua kwa mkono. "Alipokishika kinu alinitazama. Nilitaka kusema. Nikaona aibu kukatiza utani. Nikatazama chini."

Basi ndiye yeye aliyejua. Lile swali la Inspekta, lililomfuata Asmahani bombani na kitandani, lilikuwa likimfuata na kijana huyu siku zote hizo, na yeye alikuwa akilifukuza lihamie nyumba ya jirani. Asmahani alimwona sasa alivyokonda. Aliona pia kwamba Nasri hakuhitaji radhi kwa ajili ya baba yake. Alihitaji mtu mmoja aseme "ni mimi", ili yeye apate kulala.

Nasri akainua uso. "Sema tu, Mama. Hata kama si kweli. Nakuomba."

Na hapo ndipo ilipokuwa ngumu. Neno lenyewe lilikuwa jepesi. Lingemponya kijana, lingemrudisha yeye nyumbani, lingewafungulia watu wote vinywa wakataniana na kuondoka. Lilikwisha kufika kwenye ulimi.

Ndipo akamsikia Uwesu, mlangoni, na jua likiwa limekwisha kupinda. Hakuita. Alikuwa akivuta pumzi tu, pumzi ya mtu aliyetua mzigo na anasubiri kuambiwa aende wapi.

"Nasri," Asmahani alisema, "mume wangu alipokuwa akitapika damu nilimpigia baba yako simu. Nilimwambia Abasi anakufa. Akadhani ni utani. Akasema analitaka pilau lake. Akachelewa, na Abasi akafa."

Nyuma ya pazia Sikuzani alishusha pumzi.

"Hilo sikumwambia Inspekta. Kesho nitamwambia, ajue ugomvi wa kweli upo, auweke kwenye mizani yake. Na nitamwambia kwamba baba yako alipoanguka, jina la Abasi lilinipitia. Sijui lilikuja kufanya nini. Nimelitazama siku arobaini na bado sijui. Apime yeye, ndiyo kazi yake. Akiona nafaa gereza, nitakwenda na sindano zangu."

"Kama unajua hivyo, kwa nini usiombe radhi?" Nasri alilia. "Kwa nini?"

"Kwa sababu baba yako hakuniomba. Alikwenda akalala kwenye kaburi la mume wangu, akaja kunichekesha na udongo mgongoni. Angeniomba radhi siku ile, ningejua amemwacha Abasi afe kwa makusudi, na nisingemtazama tena. Unanitaka nisimame hapa niseme nini? Kwamba Uwesu kafa mbele ya adui? Aliyeanguka pale ni mtani wangu, na aliyekuwa amesimama kichwani pake ni mtani wake. Wewe mwenyewe umesema alitaka kufa hivyo."

Alivuka chumba, miguu ya watu ikijikunja kumpisha, mpaka ukutani. Akalivuta gunia likaanguka. Kinu kilikuwa na ufa mpya ubavuni, na ndani yake nyuki mmoja alikuwa akizunguka, akizunguka. Asmahani alikiinamisha, akakikumbatia, akakipandisha begani kwa kuguna, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alisimama nacho mlangoni, amepinda, mshipa wa shingo umemtoka.

"Nazunguka nyumba na mzigo wako, mpagazi," alisema kuelekea nje, pasipokuwa na mtu. Kisha akamgeukia Nasri kadiri kinu kilivyomruhusu. "Nenda polisi kesho, useme ulichokiona na ulichokijua. Mimi sikuomba radhi juzi, siombi leo, na hata wakinifunga sitaomba."